Wasomaji wamegeuka watunzi: nimfufue niliyemuua?

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Naishi Ngamiani, Tanga, nina miaka 24. Nachora hadithi ya picha ya kufikirika na kuipandisha mtandaoni sura moja moja. Inamhusu Mwanatumu, binti wa mvuvi wa Sahare, anayeelewana lugha na silikanti mzee aishiye kilindini. Wasomaji wamempa samaki huyo jina la Babu. Baba yake Mwanatumu aliingia Mapango ya Amboni akatoweka, na Babu peke yake ndiye anayeijua njia ya chini inayotoka mapangoni hadi baharini. Mwezi uliopita nilitoa sura ya 13 na ya 14 kwa pamoja. Mwishoni mwa sura ya 14 Babu ananaswa kwenye jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, anakufa, na picha ya mwisho inamwonyesha amelazwa mchangani watu wamemzunguka.

Tangu hapo kundi langu la WhatsApp lenye watu kama mia mbili halilali. Wengi wanasema amekufa ghafla mno, wengine wanasema hawasomi tena. Kaka mmoja amekumbusha kwamba kwenye sura ya 6 Babu alisema hakuna wavu wa binadamu unaoweza kumshika, akaniuliza imekuwaje. Mwingine ametabiri mwisho wa hadithi na amegusa karibu kabisa na nilivyopanga. Dada mmoja ameniandikia kurasa nne za sura ya 15 anataka nizichore. Mama mmoja mtu mzima ameniambia niache kuchezea mambo ya majini na mizimu. Nimekuwa namjibu kila mtu hadi usiku wa manane, mpaka siku moja nikamjibu mtu vibaya mbele ya wote, nikafuta. Huyo baadaye aliniandikia faraghani kwamba anapajua kwetu. Sura ya 15 naianza naiacha, na mkono wa kuchorea umeanza kufa ganzi. Nimfufue Babu? Nibadilishe mwisho? Au niondoke kwenye kundi nichore kimyakimya?"

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo ambalo wewe umelitaja kwa kupita. Mtu akikuandikia faraghani kwamba anapajua kwenu, baada ya kugombana, usilichukulie kama maneno ya hasira tu. Huenda ndivyo yalivyo, lakini si kazi yako kubahatisha. Usiufute ujumbe huo. Upige skrini shoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, umtumie mtu mzima mmoja unayemwamini nyumbani, na usimjibu tena. Akirudia, nenda kituo cha polisi ukiwa na simu yako na mtu wa kukusindikiza. Vitisho vya mtandaoni vinaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na aliyetishwa hahitaji kusubiri adhurike kwanza ndipo akalalamike. Na kuanzia leo, usichore nyumba yenu, kona ya mtaa wenu wala kibao cha duka la jirani kwenye hadithi yako.

Sasa tuingie kwenye kazi. Nimeisoma hadithi yote kuanzia sura ya 1, kwa sababu siwezi kumshauri mtu juu ya kitu nisichokisoma. Majibu yangu ni haya: usimfufue Babu, usibadilishe mwisho, na usiondoke kwenye kundi. Ila yule kaka wa sura ya 6 anakudai, na deni lake halilipwi kwa maneno ya kwenye kundi, linalipwa kwa kuchora. Hapo nitakaa zaidi, maana naamini ndipo sura yako ya 15 ilipokwama.

Nikiisoma barua yako naona kifo cha samaki hakikusumbui sana. Unaogopa kwamba hadithi imekutoka mkononi. Watu mia mbili wanaizungumza kama yao, na wewe uliyeitunga umebaki mtu wa kujitetea. Nimekutana na hofu hiyo kwa wachoraji wengine pia, na karibu kila mara imewapata wakati kazi yao imeanza kushika watu. Hakuna anayekaa usiku kuandika kurasa nne za hadithi asiyoijali.

Elewa kwanza kinachotokea kati ya sura na sura. Mtu anayesoma hadithi nzima kwa mkupuo, akifika kwenye kifo hufunua ukurasa unaofuata, na matukio humbeba. Hadithi ya mfululizo humwacha palepale. Ulimfikisha msomaji wako ufukweni, ukamwonyesha mwili wa Babu, ukamwambia asubiri. Amesubiri mwezi mzima. Muda wote huo akili yake inafanya kazi: inatafuta kosa lilianzia wapi, inatafuta wa kumlaumu, inamtungia Mwanatumu pa kutokea. Makisio, lawama na hata zile kurasa nne vimezaliwa na pengo hilo. Enzi za riwaya za magazetini, palipoandikwa "itaendelea" watu walibishana vilevile barazani, ila mwandishi hakuwapo. Barua zilimfikia baada ya siku nyingi, na nyingine hazikumfikia. Wewe umekaa baraza moja nao, na kila neno linakufikia likiwa bado la moto.

Na watu wa pwani hatukuzoea kuipokea sanaa kwa kunyamaza. Mtambaji akisema "Paukwa!" akakosa wa kumwitikia "Pakawa!", hadithi haianzi. Washairi wetu walijibizana kwenye kurasa za gazeti la Mambo Leo tangu miaka ya 1920. Hapohapo Tanga, vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilirushiana nyimbo, na mashabiki nao wakagawanyika. Kundi lako linaendeleza desturi ya zamani kwa chombo kipya. Lakini kumbuka pia kwamba wanaoitikia "Pakawa" hawamwamulii mtambaji sungura atatokaje kisimani.

Lipo kosa la hesabu ambalo karibu kila mchoraji wa mfululizo hulifanya, nalo ni kuhesabu ujumbe badala ya kuhesabu watu. Leo jioni pitia mazungumzo ya wiki moja, uandike majina ya waliosema Babu kafa vibaya. Nitashangaa wakizidi ishirini. Waliobaki wamesoma, pengine wamelia, wakaendelea na shughuli zao wakisubiri sura ya 15. Wenye sauti wana haki ya kusikilizwa, lakini hawawasemei wasiosema. Ukimfufua Babu kwa ajili ya watu ishirini, utakuwa umewavunjia mia na themanini kifo walichokwisha kukikubali.

Kwa hiyo wasikilizwe vipi? Mteja wa fundi cherehani akisema gauni linambana kwapani, anasema kweli, kwa sababu mwili ni wake. Akishika mkasi akaanza kuonyesha pa kukata, hapo fundi ashike kazi yake. Msomaji naye ni shahidi mzuri wa alichokisikia moyoni: amechoka, amechanganyikiwa, ameumia, ameona pamekatika. Ushahidi huo uchukue wote. Anapofika kwenye "ungefanya hivi", mshukuru, uendelee kuangalia palipombana.

Tuanze na wanaosema amekufa ghafla. Ukisikia "ghafla" usikimbilie kudhani hawakutaka afe. Niliifungua sura ya 14 kwenye simu, kama wao wanavyoisoma, nikaona tatizo. Kisanduku cha picha ya jarife kinashuka gizani, kinafuata cha jicho la Babu, na palepale kinafuata cha mwili mchangani, vyote vitatu vimebanana kwa nafasi ya upana wa kidole. Kwenye kitabu cha karatasi ungeweza kufanya hivyo, kwa sababu jicho huona ukurasa mzima na kurudi nyuma lenyewe. Kwenye simu, msomaji anaskroli kwa kidole gumba, na muda wa hadithi unatokana na urefu wa nafasi kati ya kisanduku na kisanduku. Nafasi fupi ina maana ya mara moja. Nafasi ndefu, tupu, yenye rangi inayokolea taratibu kutoka bluu kwenda nyeusi, ina maana ya muda kupita, na kidole chenyewe humlazimisha msomaji kushuka pamoja na samaki. Wakorea waliozoea kuchora hadithi za kuskroli kwa simu hutumia utupu huo kwa makusudi, na ni jambo la kujifunza. Wewe umempa Babu, aliyekaa na wasomaji kwa sura 14, kifo cha sekunde mbili za kidole.

Hilo unaweza kulirekebisha bila kubadilisha neno hata moja la hadithi. Ongeza nafasi kati ya visanduku hivyo vitatu, ongeza labda kisanduku kimoja cha maji matupu, pandisha sura upya, na waambie wazi kwamba umeirekebisha mwendo. Unapopanga, tazama kazi kwenye simu ya bei ya kawaida kabla ya kutoa, kwa sababu kioo cha tableti kinakudanganya kuhusu ukubwa. Na usizifanye picha kuwa nzito. Msomaji ambaye bando lake linaisha katikati ya kifo cha Babu naye atakwambia pamekatika ghafla, na atakuwa sahihi.

Sasa yule kaka. Hadithi ya kufikirika ina uhuru mkubwa: samaki anasema, pango linapumua, binti anazama bila kufa. Msomaji hukubali yote hayo kwa sharti moja, kwamba kanuni ulizompa utaziheshimu. Anapokubali kuamini kwamba samaki anasema, anaanza kukumbuka kila neno la samaki huyo kuliko anavyokumbuka maneno ya jirani yake. Kwenye sura ya 6, kisanduku kikubwa kabisa, Babu alisema: "Wavu wa mwanadamu haunishiki." Uliyaandika maneno hayo kwa herufi nene. Sura nane baadaye ameshikwa na wavu, na hakuna mtu ndani ya hadithi anayeshangaa, hata Mwanatumu. Hapo ndipo pambano lako na wasomaji lilipoanzia, hata kama wengi wao hawakuweza kulitaja kwa jina. Huyu kaka amelitaja. Ni msomaji wa thamani sana, usimwone mchokozi.

Wala asikushawishi mtu kwamba watu wa Tanga watasahau. Wao wanajua kwamba silikanti hunaswa. Samaki huyu wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za kale sana, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Na kwenye maji yetu wavuvi wameanza kuwapata kwa idadi ya kushangaza kuanzia mwaka 2003, hasa kwenye majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu, mpaka mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Msomaji wa Sahare au Kigombe hahitaji kuambiwa kwamba jarife linamshika silikanti. Anachouliza ni kwa nini limemshika huyu aliyesema halimshiki.

Una njia tatu, na nitakupa uzito wa kila moja.

Ya kwanza ni kurudi sura ya 6 na kuyafuta maneno yale. Kazi ya mtandaoni inaruhusu, na msomaji mpya hatajua. Lakini waliokusoma tangu mwanzo wana picha kwenye simu zao, na siku watakapolinganisha, utakuwa umewafundisha kwamba chochote unachowaambia leo kinaweza kufutwa kesho. Kwa kosa la jina au la rangi ya kanga, futa. Kwa kanuni ya ulimwengu wako, sikushauri.

Ya pili ni kukiri kwenye kundi kwamba ulisahau, na kuendelea mbele. Ni uungwana, na ni haraka. Ila shimo litabaki ndani ya hadithi, na siku ikichapwa kitabu, kukiri kwako hakutakuwamo.

Ya tatu ni kulifanya swali la kaka kuwa swali la Mwanatumu. Yeye pia alikuwapo sura ya 6. Alisikia maneno yale kwa masikio yake. Basi sura ya 15 aamke ufukweni, apite katikati ya watu, ashike lile jarife kwa mikono na aulize kile ambacho wasomaji wanauliza. Je, wavu huu umefumwa na nani? Je, Babu alimdanganya ili asimwogopee? Je, alijiingiza mwenyewe? Mimi sikwambii lipi. Maswali yote matatu yana pa kutokea, na kila moja litakuvuta kwenye hadithi tofauti. Ninachokuomba ni kwamba jibu lolote utakalochagua, pitia sura za nyuma uone kama lina mizizi. Nimeona kwenye sura ya 9 umemchora bibi mmoja anasuka kamba usiku, humsemi tena. Sijui kama ulikuwa na nia naye. Kama huna, sasa unaweza kuwa nayo.

Njia hii ya tatu ndiyo ninayoipenda, lakini ina gharama: itakuongezea sura mbili au tatu ambazo hukuzipanga, na mwisho wako utasogea mbele. Kama huna nguvu hiyo kwa sasa, chukua ya pili bila aibu.

Umeniuliza kuhusu kumfufua. Mfano unaotajwa sana ni wa Arthur Conan Doyle, aliyemuua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwezi Desemba 1893, wasomaji wakakasirika na kumwandikia barua kali. Mwaka 1901 alianza kutoa hadithi nyingine ya mpelelezi huyo, ila aliiweka kabla ya kifo. Mwaka 1903 ndipo akamrudisha na kueleza kwamba hakufa. Watu huutumia mfano huu kusema kwamba wasomaji wakipiga kelele mwandishi atasalimu amri. Angalia jambo jingine: Holmes alidhaniwa kuanguka kwenye maporomoko ya maji, na hakuna aliyeuona mwili. Mlango ulikuwa wazi. Wewe umeuchora mwili, mchana, watu wamesimama kuuzunguka, mtoto ameugusa. Ukimrudisha Babu sasa, kila kifo kitakachofuata hakitamtisha mtu. Wanaompenda wanaweza kukutana naye tena kwa kumbukumbu za Mwanatumu, kwa sura ya zamani usiyowahi kuichora, au kwa uzao wake. Silikanti hatagi, huzaa watoto hai. Hivyo vyote ni halali. Kufuta kifo chake ni jambo jingine.

Kuhusu aliyetabiri mwisho, sitakaa sana. Ametabiri kwa sababu ulipanda dalili na yeye akazisoma. Mwisho ambao hakuna mtu duniani angeweza kuukisia, mara nyingi ni mwisho usiotokana na hadithi. Ukiubadilisha ili umshinde mtu mmoja, utalazimika kuzing'oa dalili zote ulizopanda tangu sura ya 1. Mjibu kama unavyowajibu wengine, bila kukubali wala kukanusha, na usiache kumjibu yeye tu, kwa sababu ukimya wako kwake utawaambia wengine kila kitu. Na wala hana cha kukudai: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyokwisha kutungwa, haimpi mtu umiliki wa wazo tupu.

Dada wa kurasa nne ni habari tofauti kabisa. Zile kurasa ni kazi iliyotungwa, ina maneno na mpangilio wake, na ni mali yake. Usizichore, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri. Ukiazima hata maongezi ya kisanduku kimoja bila makubaliano ya maandishi, siku hadithi ikianza kuingiza fedha mtagombana, na yeye atakuwa na hoja. Mwandikie kwa upole: umeguswa kwamba amejitolea usiku wake, hutazitumia kwenye hadithi kuu, na kama anapenda kuzitoa mwenyewe kama kazi ya msomaji mpenzi, aseme wazi kwamba si sehemu ya sura zako. Kuanzia sasa weka kanuni kwenye kundi: makisio na picha za kuchora zinakaribishwa, miswada ya sura zijazo haipokelewi. Ukiwa na swali la haki zako mwenyewe, au ukitaka kuisajili kazi, waone COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Huyo mama mtu mzima tafadhali usimweke kwenye fungu la wakosoaji wa mtandaoni. Kwa mtu wa nchi nyingine jini ni kiumbe wa hadithi. Kwetu pwani, Muislamu anaamini kwamba majini wapo, na Amboni wapo watu wanaoingia mapangoni na kuacha sadaka kwa mizimu yao. Unachokiita cha kufikirika, kwa jirani yako ni imani au ni khofu aliyoishi nayo. Simaanishi uache. Pwani hii imekuwa ikisimulia habari za majini kabla yetu, na uwanja ni wako pia. Ninachokushauri ni mipaka: usitie aya wala dua halisi kwenye kinywa cha mchawi wa hadithi, usichore uganga wa kweli hatua kwa hatua, usitumie majina ya mizimu ambayo ukoo fulani unaiheshimu hadi leo. Tunga ya kwako. Kisha mpigie mama huyo, au umwendee kama anaishi karibu, umwamkie, umsikilize mpaka amalize. Nina hakika atakuambia habari za bahari ambazo huzipati kwenye kitabu chochote. Usimjibu kwenye kundi mbele ya vijana.

Uliyemjibu vibaya ndiye aliyekutisha, kwa hiyo usimwandikie. Waandikie wote kwenye kundi mistari miwili: kwamba ulimjibu mwenzao kwa maneno yasiyofaa, kwamba unaomba radhi. Usieleze uchovu wako, usieleze nani alianza. Umefuta, lakini waliosoma wamesoma.

Kundi nalo lipunguzie mamlaka juu ya usiku wako. Muumba wa hadithi hana deni la kumjibu kila mtu. Kumjibu kila mtu si adabu, ni utumwa uliojivika adabu. Chagua jioni moja baada ya kila sura, saa moja au mbili, ujibu maswali kwa voisi au kwa maandishi, kisha uage. Mwombe msomaji mmoja mwenye busara awe admini pamoja nawe, afunge kundi ikifika saa nne usiku. Yaliyokwisha kuchorwa yazungumze kwa uhuru: kwa nini jicho la Babu lina rangi ile, ulijifunzaje kuchora ngalawa. Yasiyochorwa, jibu lako liwe lilelile kila siku: "Tutaonana sura ijayo." Wachoraji hujisahau hapo. Wakiumia hujitetea kwa kufichua kinachokuja, na wakikifichua hamu ya kukichora huwatoka.

Na jenga akiba. Usitoe sura ya 15 mpaka ya 16 iwe imemalizwa na ya 17 iwe na michoro ya penseli. Najua wanasubiri, najua utaona kama unawatesa. Lakini mchoraji mwenye akiba akipokea lawama za sura ya leo, sura ya kesho imeshakauka wino, kwa hiyo ana muda wa kupambanua lawama ya kweli na ya hasira. Asiye na akiba huchora akiwa na kelele masikioni, na hiyo ndiyo hali uliyonayo sasa. Watangazie kwamba hadithi imepumzika, uwape tarehe unayoweza kuitimiza, hata kama ni ya mbali. Msomaji huvumilia muda mrefu unaojulikana kuliko muda mfupi usiojulikana.

Kabla ya kutoa, fanya jambo moja ambalo mimi kwa barua siwezi kukufanyia. Tafuta watu watatu wasio kwenye kundi, mmoja awe mtu wa Sahare anayejua bahari. Wape simu, kaa pembeni, usiseme neno. Tazama kidole. Kinaposimama, kinaporudi juu, kinapokimbia, andika. Ukitaka mafunzo ya muda mrefu ana kwa ana, TaSUBa kule Bagamoyo wanafundisha sanaa, na hata kama hutasoma pale, utakutana na watu wa kazi yako.

Mwisho, mkono. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayozidi usiku, mara nyingi hutokana na neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na wanaokaa wameukunja mkono kwa saa nyingi huipata sana. Ikishughulikiwa mapema hutulia kwa mapumziko na kifundo kikilazwa kimenyooka. Ikiachwa, misuli ya chini ya kidole gumba huweza kudhoofika. Ganzi ina sababu nyingine pia, ndiyo maana sitaki ujitibu kwa kusoma barua yangu. Usiuchue kwa nguvu, usimeze dawa za maumivu ili uendelee kuchora. Nenda hospitali ya Bombo wiki hii, umweleze daktari unachora saa ngapi kwa siku na ganzi inaanzia kidole kipi. Akikwambia upumzike wiki mbili, pumzika wiki mbili, na tarehe ya sura ya 15 uipange baada ya hapo.